Motokaa ya Zamani Ikichemsha Maji: Namna ya Kutafuta Sababu

Katika vijiji vingi motokaa moja ya zamani ndiyo inayofanya kazi zote. Ndiyo inayopeleka kabichi na mahindi sokoni, ndiyo inayochukua saruji ya kujengea darasa, na usiku wa manane ndiyo inayompeleka mama mwenye uchungu hospitali ya wilaya. Gari la namna hiyo likisimama njiani huku mvuke unafuka chini ya boneti, hasara yake haihesabiwi kwa fedha peke yake. Kwa sababu hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu namna mtu anavyoweza kutambua kwa nini injini inapata moto kupita kiasi, kabla hajatoa fedha yake, au fedha ya kijiji, kununua vipuli asivyovihitaji.

Twasema hivyo kwa kuwa desturi iliyoenea ni hii: gari likichemsha maji, mwenyewe huambiwa anunue rejeta. Akiisha kununua rejeta na gari likachemsha tena, huambiwa anunue pampu ya maji. Baada ya pampu, themostati hutolewa ikatupwa, na gari bado lachemsha. Kazi hiyo haina haki ya kuitwa ufundi; ni kubahatisha kwa mali ya mtu mwingine. Mganga hodari humwuliza mgonjwa kwanza homa humpata wakati gani, na injini nayo yapasa kuulizwa vivyo hivyo. Je, yachemka gari likiwa limesimama, au likienda mbio, au likipanda mlima, au mara tu baada ya kuwashwa? Jibu la swali hilo lafaa kuliko sanduku zima la spana.

Mfano wetu utakuwa Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985, nayo ile yenye injini ya petroli ya silinda 4 na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286. Tumeichagua kwa kuwa injini yake haina mafumbo, na karibu kila kitu chaonekana kwa macho mtu akifungua boneti. Walakini mengi tutakayosema yafaa pia kwa Peugeot 504, kwa Toyota za zamani, na hata kwa malori.

Kwanza yafaa kufahamu joto latoka wapi na laenda wapi. Petroli ikiungua ndani ya silinda, joto la hewa ile hupita digrii 2,000 kwa kitambo kidogo sana. Chuma cha kusubu huyeyuka karibu na digrii 1,200, na alumini huyeyuka kwa digrii 660 tu. Kwa hiyo injini isiyopozwa ingeharibika kwa muda mfupi. Sehemu ndogo ya joto hilo, karibu robo yake, ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi, na sehemu nyingine kubwa huingia katika chuma cha injini, nayo lazima iondolewe na maji.

Maji hayo, yapata lita 10 katika Land Rover tunayoisema, husukumwa na pampu iliyo mbele ya injini. Huzunguka silinda, hupanda katika silinda hedi, hupita penye themostati, kisha huenda kwa mpira wa juu mpaka kichwa cha rejeta. Humo hushuka katika mirija myembamba, upepo ukipita katikati yake, na yakiisha kupoa hurudi kwa mpira wa chini mpaka kwenye pampu. Basi kazi ni ya wawili: maji hutoa joto katika chuma, na upepo hulipokea joto hilo kutoka katika maji. Mtu akikumbuka hivyo tu, amekwisha kupata nusu ya elimu inayotakiwa, kwa maana karibu kila ugonjwa wa kuchemka ni upungufu wa maji yanayozunguka au upungufu wa upepo.

Iko habari ya kifuniko cha rejeta pia, nacho hudharauliwa sana. Si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu. Ndani yake mna springi na mpira, na juu yake pameandikwa namba, kama 7, au 9, au 13, maana yake ni ratili za msukumo kwa kila inchi ya mraba. Maji yaliyosukumwa hivyo hayachemki upesi. Pwani maji ya sufuria huchemka kwa digrii 100, lakini chini ya kifuniko cha ratili 9 hayachemki mpaka yafike karibu digrii 114. Mahali pa juu kama Lushoto, ambapo ni yapata meta 1,400 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kilichochoka, ambalo halikusumbua Tanga, laweza kuanza kutapika maji milimani, na watu wakadhani injini imekufa. Mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama ukwato, kinunuliwe kingine chenye namba ile ile. Asidanganyike mtu kununua chenye namba kubwa zaidi ili apate nafuu, kwa kuwa msukumo uliozidi utatafuta mahali palipo dhaifu, ama katika mipira, ama katika rejeta yenyewe.

Hapa twatoa onyo, na twaomba kila mwalimu asomaye aliseme mbele ya vijana wanaopenda kusimama karibu na magari. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yale yamepita joto la kuchemka, nayo yamezuiwa kwa nguvu ya kifuniko tu. Mara kinapolegea, hugeuka mvuke na kuruka usoni mwa mtu. Wako watu waliounguzwa uso na kifua kwa njia hiyo, na wengine wamepoteza macho. Ingojewe nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa na kubonyezwa kwa mkono pasipo maumivu. Ndipo kitambaa kinene kiwekwe juu ya kifuniko, kizungushwe kidogo mpaka kituo cha kwanza, mvuke utoke wote, kisha kifunguliwe. Wala maji baridi yasimiminwe katika injini iliyokauka hali ni ya moto, maana chuma cha kusubu hupasuka kama chungu kilichotolewa motoni kikatiwa majini.

Sasa twende kwenye kutafuta. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba injini ni ya moto kweli kweli. Mshale wa geji ni shahidi, lakini yuko shahidi mwongo. Katika Land Rover hizi geji ya joto na geji ya petroli hupata umeme wake kutoka katika kisanduku kimoja kidogo nyuma ya geji, ambacho kazi yake ni kuupunguza umeme wa betri. Kisanduku hicho kikiharibika, mishale yote miwili hupanda pamoja. Basi dereva akiona mshale wa joto uko juu, na ule wa petroli nao waonyesha tangi limejaa hali ajua limebaki nusu, asiiguse injini. Ugonjwa uko katika kisanduku. Kinyume chake ni cha hatari zaidi. Maji yakiisha kabisa, kile kidude kinachopima joto hubaki katika hewa tupu, na mshale waweza kuanguka ghafula. Dereva asiyejua husema, “Alhamdulillahi, imepoa,” akaendelea kwenda, na baada ya mwendo mfupi pistoni hukwama. Mshale uliokuwa juu ukishuka kwa ghafula pasipo sababu, gari lisimamishwe papo hapo.

Jambo la pili ni kujua kama maji yapungua. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kifuniko kifunguliwe na maji yatazamwe. Yasijazwe mpaka mdomoni. Yaachwe nafasi ya kama inchi moja, kwa kuwa maji hutanuka yakipata moto. Wako watu wanaojaza hadi juu kila asubuhi, na kila siku huona maji yamemwagika, wakadhani pana ugonjwa, kumbe gari latema yaliyozidi tu. Lakini maji yakipungua siku baada ya siku chini ya alama hiyo, pana mahali yanapotokea. Gazeti kuukuu likitandikwa chini ya injini usiku litaonyesha matone. Tone likiwa chini ya pampu, patazamwe tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu: tundu hilo liliwekwa makusudi, ili sili iliyokwisha ijionyeshe kwa kuvuja hapo. Feni nayo ishikwe na kutikiswa mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya pampu imekwisha. Mivujo mingine hutokea injini ikiwa ya moto tu, na maji yake hukauka kabla hayajaanguka chini. Hiyo hujulikana kwa michirizi myeupe au ya rangi ya kutu kando ya mipira na kwenye vizibo vya bloku.

Kama maji hayapungui na bado injini yapata moto kupita kiasi, hapo ndipo swali la wakati gani linapofanya kazi yake.

Gari linalochemka likiwa limesimama, au likienda polepole sokoni, lakini hupoa likipata barabara tambarare na kwenda kasi, lakosa upepo. Kwa mwendo mwema upepo huingia wenyewe kwa mbele, wala feni haina kazi kubwa. Gari likisimama, feni peke yake ndiyo inayovuta. Basi mkanda wa feni utazamwe kwanza. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, ushuke kama sentimeta moja, usizidi sana. Ukiwa unang'aa upande wa ndani kama kiatu kilichopigwa rangi, wateleza. Katika Peugeot 504 nyingi feni hushikwa kwa sumaku ya umeme, ili izunguke wakati wa joto tu. Waya wake ukikatika feni hubaki ikizunguka kivivu, na fundi asiyejua atabadilisha kila kitu ila huo waya. Kisha uso wa rejeta utazamwe. Mbegu za majani, panzi, na tope la masika hujaza matundu yale hata upepo usipite. Tope lioshwe kwa maji yanayopigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili lirudi lilikotoka, wala lisichokolewe kwa kijiti, maana mapezi yale ni laini kama karatasi. Mbao za matangazo, taa kubwa na magunia yaliyofungwa mbele ya wavu huzuia upepo pia, ijapokuwa mwenye gari huona ni pambo.

Na hapa twakumbuka gari moja la kijiji katika milima ya Usambara, Land Rover kama hii tunayoisema. Lilikuwa likienda Korogwe na kurudi Mombo kwa njia tambarare pasipo taabu. Lakini likianza kupanda njia ya Lushoto, ambayo hupanda yapata meta 1,000 kwa mwendo wa kilometa zaidi ya 30, lilichemsha maji kabla ya kufika Soni. Kamati ya kijiji ilinunua rejeta iliyotumika, kisha pampu mpya, na themostati ikatolewa, fedha za michango ya watu zikaisha, na gari likachemsha pale pale. Mara mbili wagonjwa walihamishiwa katika gari la abiria katikati ya mlima. Mwisho akaitwa mzee mmoja aliyekuwa dereva zamani. Yeye hakushika spana. Alipanda pamoja nao mpaka mshale ulipokaribia alama nyekundu, akamwambia dereva asimame, lakini asizime. Mshale ukazidi kupanda. Akasema, “Kama shida ingekuwa maji hayapiti, sasa mzigo umeondolewa, ungeshuka kidogo. Huu wapanda kwa sababu upepo hakuna.” Akaweka karatasi mbele ya rejeta, feni ikaishika katikati tu, na pembe zake zikaning'inia.

“Wanangu,” akauliza, “kava la feni liko wapi?”

“Lilitolewa, mzee, wakati rejeta ilipotiwa lehemu. Lilikuwa likimzuia fundi mkono.”

Kava hilo ni duara la bati au plastiki linaloizunguka feni, ili upepo wote uvutwe kupitia rejeta, usizungukie pembeni. Mtu asiyejua huliona kama takataka. Fundi mabati wa pale pale Lushoto alikata jipya katika bati, likafungwa kwa bolti nne, na tangu siku hiyo gari lilipanda. Mlima ule ulilidhuru gari kwa kuwa hapo huenda kwa gia ndogo, polepole kama mtu aendavyo kwa baiskeli, huku injini ikifanya kazi yote iwezayo. Joto ni jingi kabisa, na upepo wa mbele ni mchache kabisa.

Kama gari lapoa likisimama, lakini lachemka likienda kasi katika tambarare au likiwa na mzigo mzito, ugonjwa ni wa maji kutopita vya kutosha. Hapa mkono wa mtu ni chombo kizuri, lakini injini izimwe kwanza ili feni isimkate. Mpira wa juu na mpira wa chini iguswe kwa uangalifu. Wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini ukiwa baridi, maji hayapiti: ama themostati imeziba, ama rejeta imeziba, ama pampu haisukumi. Yote miwili ikiwa ya moto karibu sawasawa, maji yapita lakini hayapozwi, na mtu arudi kutazama upepo. Kisha kiganja kipitishwe juu ya uso wa rejeta toka juu mpaka chini. Joto hupungua taratibu kwa kadiri mkono unavyoshuka. Lakini mahali palipo baridi katikati ya moto ni mirija iliyoziba.

Rejeta huzibwa na nini? Huzibwa na maji yenyewe. Maji ya visima vingi yana chokaa, na kila mtu ameona ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ukoko ule ule hujijenga ndani ya mirija na kuzunguka silinda, nao huzuia joto lisipite. Maji ya mto huleta tope, na maji ya chumvi hula chuma. Maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa safi ni bora kuliko hayo yote. Bora zaidi ni kuchanganya nusu kwa nusu na ile dawa ya rangi ya kijani au nyekundu iuzwayo madukani, kwa kuwa huzuia kutu na kupandisha kidogo joto la kuchemka. Wala mtu asiseme kwamba ni kwa nchi za barafu tu. Illa dawa hiyo ni sumu na ladha yake ni tamu, hivyo isiachwe mahali ambapo mtoto au mbwa aweza kuilamba. Ama wale wanaotia manjano, unga wa sembe au yai bichi ndani ya rejeta ili kuziba tundu, tundu huweza kuzibika kweli kwa siku chache, na mirija kumi huzibika pamoja nalo.

Uko na ujanja wa mpira wa chini. Pampu huvuta maji kupitia mpira huo, na mpira uliozeeka ukawa laini hunywea kama shavu la mtu anyonyaye muwa, ukafunga njia. Injini ikinguruma polepole mpira huonekana mzima. Ikipewa petroli nyingi hubana. Mtu mmoja akae kwenye kiti akanyage petroli, mwingine atazame kwa mbali, nguo zake zisikaribie feni. Hapo siri hufichuka, na dawa yake ni mpira mpya tu.

Twafika kwenye themostati, na hapa twasema waziwazi kwamba hatukubaliani na mafundi wengi. Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa ili maji yapate moto upesi. Yakifika joto lililoandikwa juu yake, aghalabu karibu digrii 82, nta huyeyuka, hutanuka na kuufungua. Mlango ukikwama hali umefungwa, injini huchemka dakika chache baada ya kuwashwa, na rejeta hubaki baridi. Hiyo ni dalili isiyofichika. Lakini kuutoa mlango na kwenda bila mlango si dawa. Injini hukaa baridi muda mrefu, silinda huliwa upesi, oili huchafuka, na petroli huzidi kutumika. Tena katika injini nyingine themostati ikifunguka huifunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita katika rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi siku zote, na gari huweza kuchemka zaidi kuliko kwanza.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Themostati ifungwe kwa uzi, ining'inizwe ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, na kipimajoto kiwekwe kando yake. Maji yachemshwe polepole. Mlango ukianza kufunguka karibu na namba iliyoandikwa, na ukafunguka wote kabla maji hayajachemka, ni mzima, urudishwe mahali pake. Walimu wa sayansi wakilifanya jambo hili darasani, watoto wataona kutanuka kwa vitu kwa macho yao, na gari la shule litapata faida pia.

Ugonjwa ambao watu huuogopa kuliko yote ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gasketi ikipasuka, moto wa silinda huingia katika njia ya maji. Dalili zake si za kukisia. Injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, mapovu hupanda katika maji bila kukoma, mithili ya samaki anayepumua. Mpira wa juu huwa mgumu baada ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto wa kutosha kuujaza. Moshi mweupe hutoka nyuma hata injini ikiisha kupata joto, na plagi moja kati ya nne hukutwa safi kama iliyooshwa. Oili yaweza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini ute kidogo wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usimtishe mtu, kwa kuwa magari yanayokwenda safari fupi fupi katika baridi huupata kwa umande tu. Dalili hizi zikikosekana zote, mtu asikubali silinda hedi ifunguliwe. Na zikionekana, gari lisitumike tena hata mara moja. Hedi ya Land Rover hii ni ya chuma cha kusubu nayo huvumilia, lakini hedi ya Peugeot 504 ni ya alumini, nayo hupinda upesi. Gasketi ambayo ingebadilishwa kwa fedha kidogo huishia katika kununua hedi nzima.

Yako mambo mengine machache yanayoleta joto pasipo rejeta kuwa na kosa lolote. Moto wa plagi ukichelewa, kwa kuwa distribuita imegeuzwa au platini zimeliwa, petroli huungua kwa kuchelewa na kulipasha moto bomba la moshi na hedi. Gari huwa halina nguvu pia. Petroli ikiwa chache kuliko hewa, kwa kuwa kabureta yanyonya hewa pembeni, huleta hali hiyo hiyo. Na breki zinazoshika daima huifanya injini ivute kama ng'ombe aliyefungiwa gogo: baada ya safari habu zote nne ziguswe kwa tahadhari, na moja ikiwa ya moto mno kuliko nyenzake, sababu iko hapo.

Dereva akiona mshale unapanda njiani, na maji bado yamo, asizime mara moja. Aondoe mguu, ashushe gia, afungue hita yote kama gari linayo, ijapokuwa wenye kukaa ndani watalalamika, kwa sababu hita nayo ni rejeta ndogo. Akisimama, aelekeze uso wa gari upepo unakotoka, na injini ingurume polepole dakika chache. Lakini mvuke ukiwa umetoka kwa wingi, au mshale umeanguka kama tulivyosema, azime pale pale na kungoja.

Baada ya matengenezo yoyote, maji yatiwe polepole, gari likiwa limeinuka kidogo upande wa mbele, hita ikiwa imefunguliwa, ili hewa iliyonaswa ndani ipate kutoka kwa kichwa cha rejeta. Injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi mpaka mpira wa chini upate joto, maana hapo ndipo themostati imefunguka, na maji yatashuka ghafula. Yaongezwe, kifuniko kifungwe. Siku ya pili asubuhi, kabla ya kuwasha, yatazamwe tena mara moja, kwa kuwa mara nyingi yatakuwa yameshuka kiasi cha kikombe, nacho kikiisha kujazwa, safari iweze kuanza.